Kibubu cha Mama Kindi

Hadithi hii alinipa kwanza shangazi yangu Mwanahija, tukichambua mchele. Sogeeni, wanangu.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na masufuria na majirani, Mama Kindi, mjane, aliuza karanga sokoni. Kila jioni aliwawekea wanawe, Kitawi na Kikonyo, sarafu za mauzo mkekani.

"Hii ya unga. Hii ya chumvi. Na hii?"

"Ya bati, mama!"

Ting! Sarafu ya bati ikaingia kwenye kibubu cha udongo. Paa lao lilivuja, na masika yalikuwa karibu.

Nyumbani humo alikaa pia Fisi, rafiki wa marehemu baba yao. Alikuja kusalimia, akasahau kuondoka.

Siku moja Mama Kindi alikinyanyua kibubu, akakitikisa. Cha... cha...

"Mbona kimekuwa chepesi?"

"Watoto wako hao, shemeji!" Fisi akadakia, hata hajaulizwa. "Mtoto ukimzoesha pesa, umemzoesha wizi. Wachape!"

"Si sisi!" Kikonyo akalia.

"Kila mwizi husema hivyo."

Mama Kindi akashika fimbo. Akawatazama wanawe. Akaiweka chini.

Lakini shaka ilimkaa kooni kama ganda la karanga. Akapekua mito ya watoto: hakuna kitu. Akanusa mikono yao: karanga tu. Kisha akagundua jambo. Siku kibubu kinapopungua, Fisi akikaribishwa chakula hujibu, "Mmh." Siku nyingine hupiga kelele, "Nyama iko wapi, shemeji?"

Fisi hana mfuko. Sasa pesa angeziweka wapi?

Mama Kindi akatwanga pilipili kichaa. Twa! Twa! Akazipaka sarafu chache, akazitia kibubuni mwenyewe, akanawa mikono vizuri.

"Wanangu," akasema kwa sauti, "leo kibubu kimeshiba! Twendeni jikoni tukapike."

Chakula kilipoiva, akaita, "Shemeji, karibu!"

"Mmh."

"Mbona shavu limevimba?"

"Mmh-mmh."

"Jino?"

"Mmh!"

Masikio ya Fisi yakasimama. Machozi yakaanza kumtiririka. Akawa anainua mguu huu, anashusha ule.

"Pole, shemeji. Meza mate, litapoa."

Fisi akameza. Loo!

"Uwiii! Moto! Nipeni maji!"

Ting! Ting! Ting! Sarafu zikamwagika kwenye sinia.

Kikonyo akaokota moja. "Mama, hii inanata!"

Wakainua mkeka wa Fisi. Chini yake palikuwa na kijiti kilichopakwa ulimbo, gundi ya kunasia ndege. Alikuwa akikipitisha kwenye tundu la kibubu na kuzinasa sarafu, moja moja.

"Shemeji, si mimi..." Fisi akaanza, ulimi nje.

"Kila mwizi husema hivyo," Kitawi akamwambia.

Fisi akatimka mbio hadi mtoni, wala hakurudi kusalimia. Bati likanunuliwa, na masika yalipofika, watoto walilala pakavu.

Anayewahi kunyoosha kidole, mtazame shavu.

Asubuhi iliyofuata baada ya shangazi kunisimulia, nilikitoa kibubu chetu chini ya kitanda, nikakiweka mezani mbele ya watu wote. Sarafu ya kwanza akaitia mwanangu mdogo. Kando ya kibubu nikaweka kikopo cha pilipili.