Nani Akae na Nakunda

Hapo zamani, zamani ya juzi tu, maana hospitali zilikwisha kuwa na mashine za kuchungulia tumboni, palikuwa na mtoto wa kike huko milima ya Upare. Jina lake Nakunda. Baba yake alifariki yeye akiwa bado hajazaliwa, akalelewa na mama yake, Naelijwa, katika nyumba ya bibi yake mzaa baba, Bibi Namsifu.

Alizaliwa mzima, lakini siku chache baadaye macho yakawa ya manjano, na wiki ya tatu yalikuwa bado hivyo. Majirani wakamwambia mama amwanike juani asubuhi, akamwanika. Wiki ya nne manjano, wiki ya tano manjano. Siku moja Bibi Namsifu alikuwa anafua nepi, akaona choo cha mtoto ni cheupe kama unga wa muhogo.

"Mama Nakunda, njoo uone," akaita. "Nimelea watoto tisa, choo cha rangi hii sijapata kukiona."

"Wameniambia jua litamaliza, mama."

"Jua halijamaliza. Nipe mtoto."

Akamfunga mgongoni, akateremka mlima kwa miguu hadi barabarani, mama akimfuata nyuma. Kwenye hospitali kubwa wakaambiwa mirija ya kutoa nyongo kwenye ini imeziba, na nyongo inaliharibu ini. Mtoto akapasuliwa. Kipande cha utumbo wake kikaunganishwa na ini ili nyongo ipate njia. Daktari akasema wamewahi. Wangekaa mwezi mwingine nyumbani, pengine upasuaji usingesaidia kitu.

Choo kikapata rangi. Macho yakawa meupe. Nakunda akatambaa, akatembea, akacheza rede mpaka akaitwa mara tatu kuja kula.

Lakini daktari alikuwa amemwambia mama jambo moja. "Mtoto ana nafuu, ila ini lina makovu. Watoto wachache wa namna hii, si wengi, hupata saratani kwenye ini hilo, nayo huota kimyakimya. Kila miezi sita mlete tumwangalie, hata kama anaruka kamba."

Kila miezi sita mama akampeleka. Mvua ikinyesha, akampeleka. Mavuno yakisubiri shambani, akampeleka. Nakunda hakupenda ile sindano ya kutolea damu, wala ile jeli ya baridi aliyopakwa tumboni kabla ya mashine. Bibi naye hakupenda.

"Mtoto mzima, unakwenda kumtafutia ugonjwa."

"Wakiukosa, mama, nitarudi nacheka," mama akajibu.

Akarudi anacheka mara kumi na tisa.

Mara ya ishirini Nakunda alikuwa amelala chali, akaona mkono wa mpimaji umesimama mahali pamoja. Akajua kuna kitu. Uvimbe ulikuwa mdogo kama kunde, nao ulikuwa saratani. Hakuwa na maumivu yoyote. Jana yake tu alikuwa amecheza rede.

"Tumeukuta mapema, haujatoka nje ya ini," daktari akasema. "Ila ini lenyewe limechoka. Inabidi libadilishwe. Ndugu mwenye afya akitoa sehemu ya ini lake, la kwake litakua tena."

Bibi umri ulikuwa umepita. Damu ya mama haikuoana na ya mwanawe. Iliyooana ni ya mjomba Elieskia, mdogo wake mama, fundi seremala mwenye watoto wawili wadogo. Aliposikia, akaondoka bila kuaga. Siku tatu simu haipatikani. Siku ya nne akaingia wodini, akakaa ukingoni mwa kitanda cha Nakunda.

"Niliogopa, mjomba. Nina watoto. Bado naogopa, lakini nimekuja."

"Na mimi naogopa," Nakunda akasema.

"Basi tutaogopa wote wawili."

Wakapasuliwa siku moja, wakaamka wote wawili. Mwaka ukapita, ukapita wa pili. Daktari akasoma majibu yote, akavua miwani, akasema, "Safi." Mama akatoka nje, akakaa kwenye benchi, akalia kidogo, kisha akasema ana njaa.

Nakunda akamaliza darasa la saba. Ukumbi wa mahafali ulikuwa mdogo, mwalimu mkuu akatangaza kila mhitimu atakaa na mtu mmoja tu, na huyo ndiye atakayemvisha shada la maua.

"Nitakaa mimi," Bibi Namsifu akasema jioni ile nyumbani, mjomba naye akiwapo. "Nisingeona choo kile, asingefika hata kutambaa. Ninyi mmemwokoa mtoto niliyekwisha kumwokoa."

"Nitakaa mimi, mama," Naelijwa akasema. "Wewe ulimteremsha mlima mara moja. Mimi nimemteremsha mara ishirini, nawe unanikataza. Ningekusikia, uvimbe ungeonekana wakati hauna dawa."

"Dada, kuuona si kuuondoa," Elieskia akasema. "Nitakaa mimi. Sehemu ya mwili wangu iko ndani yake, na kovu ninalo."

"Ulijificha siku tatu," bibi akasema.

"Nikarudi. Na dada je, si alimwanika juani wiki mbili?"

Walibishana kwa sauti ya watu ambao nyumbani kwao hakuna mgonjwa. Nakunda alikuwa jikoni anamenya ndizi, akacheka mpaka akaweka kisu chini. Kisha akaona wote watatu wamegeuka wanamtazama yeye.

"Sema mwenyewe," bibi akasema.

Mgongo wa bibi hakuukumbuka, ila alikuwa ameusikia kwenye masimulizi maisha yake yote. Mabenchi ya hospitali aliyokaa na mama aliyakumbuka yote. Na mjomba alikuwa naye hapo chini ya mbavu, usiku na mchana. Akachukua kisu, akamenya ndizi nyingine.

Kiti ni kimoja, na mwalimu anataka jina asubuhi. Sasa ninyi mlionisikiliza, mngemwambia ataje jina gani? La bibi aliyeona kile ambacho wengine hawakukiona? La mama ambaye hakuchoka kurudi? Au la mjomba aliyekuja na hofu yake, akatoa cha mwilini mwake? Je, nani alistahili kukaa na Nakunda?