Darasa Lililosoma "Thamaki"

Hii nimeletewa na mtu, nami nimeona si vizuri kukaa nayo peke yangu. Isome taratibu, kisha mpelekee yule unayejua anaihitaji.

Katika shule moja ya msingi kule Makete palikuwa na mwalimu wa darasa la pili aitwaye Mwalimu Sanga. Kwa miaka ishirini na sita hakuna mtoto aliyepita mikononi mwake akashindwa kusoma. Jambo hilo alijivunia, tena sana tu.

Msimu mmoja wa mvua akaanguka na baiskeli kwenye tope, meno mawili ya mbele yakang'oka. Tangu hapo kila alipozungumza alifunika mdomo kwa kiganja cha kushoto. Nayo "sa" ikawa inapita penye pengo inatoka "tha". Hata jina lake mwenyewe akilitaja lilikuwa Thanga.

"Baba Faraja, nenda kwa daktari wa meno akuwekee ya bandia," mkewe alimwambia.

"Uzee huu? Watu watathema natafuta mke wa pili."

Basi akaendelea kufundisha hivyo hivyo mwaka mzima, kiganja mdomoni.

Likaja tangazo kwamba Afisa Elimu Kata atawapima watoto kusoma, na asiyejua atarudia darasa. Kwa watoto Mwalimu Sanga hakuwa na wasiwasi hata kidogo. Wasiwasi wake ulikuwa pengo. Mgeni wa heshima namna ile amkute kibogoyo? Akaenda mjini kimya kimya. Daktari akamsafisha fizi, akachukua kipimo cha kinywa, na baada ya wiki mbili, siku moja kabla ya upimaji, akamvalisha meno mawili ya kuvaa na kuvua, yaliyokaa kana kwamba yameota hapo.

"Samaki," mwalimu akasema mbele ya kioo. "Sukari. Sanga." Daktari akamwacha amalize.

Kesho yake akaingia darasani kifua mbele, mikono yote miwili ikiwa huru. Afisa mwenyewe, Madam Mbilinyi, alikuwa ameketi nyuma na daftari lake. Mwalimu akafungua kitabu, akawasomea watoto mstari wa kwanza.

"Samaki wa Salome yuko sokoni."

Watoto wakatazamana. Kisha Ezelina, binti wa dawati la mbele, akanyoosha mkono.

"Mwalimu, umekosea. Ni thamaki."

"Hebu soma wewe," akasema afisa.

Ezelina akasimama, akafunika mdomo kwa kiganja cha kushoto, akasoma bila kukwama: "Thamaki wa Thalome yuko thokoni." Akafuata wa pili, akafuata wa tatu. Darasa zima lilisoma hivyo, kiganja mdomoni, na wote meno yao ya mbele yalishaota.

"Nyumbani huyu mnamwitaje?" afisa akauliza, akionyesha picha ya samaki kitabuni.

"Samaki," akajibu Ezelina. "Ila kwenye kusoma ni thamaki."

Siku zote Mwalimu Sanga alikuwa akiwasikiliza macho yakiwa kitabuni, na sikio lake lilishaizoea hiyo "tha". Aibu hii ilizidi ile ya mwaka mzima wa pengo. Aliwatazama watoto wake arobaini, akawaona wote wakirudia darasa kwa sababu yake.

"Madam," akasema, "watoto hawana kosa. Wamesoma nilivyowasomea mimi. Nipe wiki mbili, kisha uwapime tena."

Afisa akafunga daftari. "Wiki mbili, mwalimu."

Hapo Mwalimu Sanga akafanya jambo ambalo hata mkewe asingeliamini. Aliyatoa yale meno mbele ya darasa, akafungua mdomo wote waone.

"Hili ndilo nililokuwa naficha," akasema. "Ndilo lililokuwa likithoma. Thi herufi."

Watoto wakacheka, naye akacheka nao. Akayarudisha meno mahali pake.

"Sasa shusheni mikono, tuanze upya. Sa."

"Sa," wakaitikia. Ezelina ndiye aliyekuwa wa mwisho kushusha kiganja.

Funzo: Pengo unalolificha kwa aibu, wanaokutazama hulichukua wakidhani ndilo somo; lizibe mapema, na ukichelewa, kubali kuwaonyesha lilipokuwa.