Basi Lililoitwa Ngojea

Mbacha ni mkeka kuukuu uliotoboka, lakini ndio uliokulaza siku zote. Msala ni mpya na unapendeza macho, ila uko begani mwa mpita njia, na mwenyewe hajasema kama atakaa. Wahenga walituachia methali juu ya mikeka hiyo miwili wakidhani tuna masikio. Watu wa Thika na Ruiru tulikuwa nayo, katika ile miaka ya hali ya hatari, serikali ya kikoloni ilipowasaka wapigania uhuru, lakini tuliyatumia kusikilizia honi.

Mzee Kagwe wa Kiganjo alikuwa na basi moja. Zamani lilikuwa lori la vita. Yeye na vibarua wa mashamba ya kahawa walichangishana wakalinunua, kisha wakamwita seremala akalivisha bodi ya mbao. Likipanda kilima baada ya daraja la Ruiru lilikohoa kama mzee mwenye pumu. Lakini halikuwa la Mzungu wala la Mhindi. Lilikuwa la watu wenyewe, na kwa kosa hilo peke yake wakubwa hawakulipenda.

Watu waliliita Ngojea, kwa sababu ya desturi yake. Pa kuingilia mji wa Thika palikuwa na kizuizi. Askari waliwashusha abiria, wakawachuchumaza kando ya barabara mikono kichwani, wakakagua pasi zao. Ambaye pasi yake ilitiliwa shaka alitengwa angoje lori la kwenda kambi ya wafungwa. Mabasi mengine yaliondoka na waliosalia. Ngojea halikuondoka. Kagwe alizima injini, akavua kofia, akamwendea mkubwa wa zamu na kumsemea kila aliyetengwa: huyu ni mke wa fulani, yule huuza maboga, huyu nampakia kila siku ya soko. Alitukanwa. Siku moja alipigwa kitako cha bunduki, jino likang'oka. Hata hivyo, hakuna abiria wake aliyelala kambini kwa kukosa mtu wa kumsemea.

Mpokea nauli wake aliitwa Muigai, kijana mtanashati mwenye ulimi mwepesi. Ikaja kampuni kubwa kutoka Nairobi na basi jipya, viti vyake vya mito, madirisha ya vioo, nauli nafuu. Leseni ambayo Kagwe aliipigia magoti kila mwaka, wao walipewa kama mtu apewavyo maji ya kunywa. Walimwonyesha Muigai kofia na koti la vifungo vya shaba, naye akamwacha Kagwe akakimbilia kwao. Alisimama stendi akitangaza kwamba wanaotaka kufika wapande hapa, na wanaotaka kungojea wanajua pa kwenda. Watu walicheka wakapanda.

Mama yake, Gathoni, aliyeuza mboga Ruiru, ndiye peke yake aliyekataa. Alisema Ngojea linamjua. Muigai akamwambia asimwaibishe mbele ya watu, basi naye akapanda, kwa ajili ya mwanawe. Ngojea likawa linakwenda tupu kama ngoma, mwisho likapandishwa juu ya mawe nyuma ya nyumba ya Kagwe.

Alasiri moja basi jipya lilisimamishwa kizuizini. Mhuri kwenye pasi ya Gathoni ulikuwa umefutwa na maji ya mboga, naye akatengwa. Muigai alimwendea askari akilinyoosha koti lake.

"Huyu ni mama yangu, afande."

"Kila niliyemkalisha hapa ni mama wa mtu," askari alimjibu. "Na wewe ni nani? Hilo koti ni la kampuni. Ukilivua unabaki nani?"

Nyuma ya Muigai injini ilikuwa ikinguruma. Dereva, Ndambuki, mtu asiyekuwa na ubaya, alitoa kichwa dirishani. "Piga bodi twende, ndugu yangu. Abiria wa kwenda Fort Hall wanangoja, na hatukuajiriwa kungojea watu barabarani. Wewe mwenyewe ndiye uliyetangaza."

Gathoni aliinua uso. Alizoea kumwita mwanawe baba, kwa kuwa alimpa jina la baba yake mzazi.

"Baba," alisema polepole, "Kagwe yuko wapi?"

Muigai aliweka kofia kwenye ngazi ya basi, akashika njia ya Kiganjo mbio. Alimkuta Kagwe akitoa kuku ndani ya Ngojea.

"Mzee, washa gari. Wamemkalisha mama."

Kagwe alimshusha kuku chini. "Niwashe nini? Magurudumu nimeyauza, yako kwenye mikokoteni ya maji. Bila shaka umepishana nayo njiani." Halafu akachukua koti lake. "Lakini Gathoni ni abiria wangu. Twende kwa miguu."

Walikwenda. Mguu wa Kagwe ulikuwa mbovu, na kijana hakuthubutu kumhimiza. Walipofika kizuizini, kando ya barabara palikuwa na majani ya kabichi yaliyokanyagwa na alama za magurudumu ya lori. Askari aliyemzoea Kagwe alitikisa kichwa.

"Leo umechelewa, mzee. Hujapata kuchelewa hata siku moja."

Gathoni alirudi kutoka kambini hali ya hatari ilipokuwa ikiisha, mifupa mitupu, hamjui hata mwanawe. Muigai alimlisha kwa kijiko hadi alipomzika. Na lile basi la mito na vioo? Kampuni iliona faida kubwa zaidi kwenye barabara nyingine, ikalihamisha pasipo kumuaga mtu. Waliolipanda wakicheka walikwenda sokoni kwa miguu, mizigo migongoni, wakilipita Ngojea juu ya mawe yake pasipo kuligeukia. Walikuwa wameelewa, ila wakiwa wamechelewa: usiache mbachao kwa msala upitao.