Jembe la Wageni wa Sultani

Hapo zamani, katika mji wa Shungi, alitawala Sultani Mringo, mtu mwenye kilemba kikubwa kuliko akili iliyofunikwa nacho. Waziri wake, Bwana Farjala, kwa uvivu wa kuufagisha mji, aliagiza kunguru kutoka ng'ambo waje wale taka. Sultani akafurahi, akapiga mbiu: "Hawa ni wageni wangu. Atakayemgusa mmoja, roho yake halali yangu."

Basi wageni wakala taka, wakashiba, wakageukia viota. Wakala mayai ya kurumbiza na makinda ya chiriku, ikawa alfajiri haina tena nyimbo ila "kwaa! kwaa!" Fukara mmoja, Kitwana Mshoro, asiye na jogoo wala mke wa kumwamsha, akasema sokoni, "Sultani wetu kafukuza waimbaji, kaajiri wapiga kelele." Maneno yakafika ikulu kabla yeye hajafika kwake.

Akaletwa. Sultani akanena, "Ewe mwenye ulimi! Masika yasiishe kabla kurumbiza hajaimba dirishani kwangu. Na wageni wangu usiwaguse hata unyoya. Ukishindwa, utakatwa kichwa."

Waziri akacheka kichinichini. Kitwana aliiona shingo yake ikimwasha, lakini akainama akasema, "Nimesikia na kutii, Bwana wangu."

Ijumaa ikafika, na kunguru, kama ada yao, wakateremka barazani kupora sambusa kwenye sinia ya Sultani. Mara Kitwana akaingia na mzigo wa majembe, akayapanga mbele yao, akasema kwa adabu, "Waheshimiwa, karibuni shamba."

Kunguru mmoja akarukia mpini, akaunyea.

"Una wazimu?" Sultani akafoka.

"La, Bwana wangu. Wahenga walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hawa wana miaka. Sikuwagusa, nimewapa haki yao, na jibu lao umeliona. Mgeni akikataa jembe, huitwaje?"

Sultani akautazama mpini, akaitazama sinia yake tupu. Aibu ikamshika. "Huitwa mdoezi," akasema, "na mdoezi si mgeni! Vunjeni viota vyao, tegeni mitego!" Kisha akauliza, "Na hilo jembe la pembeni, ulilolitenga?"

"La Bwana Waziri. Naye amekula siku nyingi."

Sultani akacheka hata kilemba kikamwanguka, akaamuru Waziri alichukue.

Masika hayajaisha, kurumbiza akarudi dirishani, na shingo ya Kitwana ikasalimika. Ila wa kwanza kuusikia wimbo hakuwa Sultani, aliyekuwa bado amelala. Alikuwa Bwana Farjala, maana mkulima huamka mapema.