Kiboko Mla Maneno na Pimbi Mwuliza Maana

Masikio yapo?
— Yapo, yameoshwa!
Midomo ipo?
— Ipo, imefumbwa!
Nimwage?
— Mwaga, tukinge!

Haya, kingeni vizuri, maana ngano yangu ina maji ndani yake.

Hapo kale kulikuwa na jua. Jua, jua, jua! Mvua za vuli zikakataa kuja. Mvua za masika zikakataa kuja. Mito ikakauka, madimbwi yakakauka, hata umande ukaona haya kutua. Likabaki bwawa moja tu, chini ya kilima cha mawe. Na katikati ya bwawa hilo alilala Kiboko, tumbo kwenye tope, macho juu ya maji, masikio yakicheza, pru, pru, pru.

Kiboko alikuwa mfalme wa mahali pale, na ufalme wake hakuuiba. Mwaka mmoja moto uliwaka nyikani, wanyama wakakimbilia bwawani, naye Kiboko akawarushia maji kwa kinywa chake, fwaa! fwaa! mpaka moto ukazimika. Kwa shukrani wakamfanya mfalme, wakaapa wote kwa pamoja: "Hatutamwinulia mfalme wetu pembe, wala jino, wala ukucha." Kiapo ni kiapo. Hata Nyati mwenye pembe kama mundu alikishika.

Lakini ufalme, jamani, ukikaa sana kichwani huota mizizi. Kiboko akawa mlafi. Kwanza akataka majani yote ya ukingoni yawe yake. Kisha akataka kivuli chote kiwe chake. Kisha siku moja akamsikia Mbayuwayu akipiga soga.

Mbayuwayu, mnamjua, yule ndege mdogo mwenye mkia wa panda. Nusu ya mwaka hukaa kwetu, nusu ya mwaka hukaa Uingereza, chini ya mapaa ya Waingereza wenyewe. Kiingereza kwake ni kama kunywa maji. Kiboko alipomsikia akikitema, akameza mate.

"Nakitaka," akasema. "Nakitaka chote!"

Kesho yake akatoa sheria. "Kuanzia leo hanywi mtu hapa mpaka aniletee neno la Kizungu. Neno moja, kunywa mara moja. Na liwe jipya kila siku. Wewe Mbayuwayu utakuwa hakimu. Utasema kama neno lipo au halipo."

"Na maana yake je, Mfalme?" akauliza Mbayuwayu.

"Maana ya nini? Mimi nataka maneno. Maana nitawaachia wavivu."

Wanyama wakapanga foleni. Akaja Swala, akasema, "Grass!" Mbayuwayu akasema, "Lipo." Kiboko akafumbua kinywa, kwaa! akalimeza lile neno, kubwi! Swala akanywa.

Akaja Nyati, akasema, "Sorry!" Lipo. Kwaa! Kubwi! Nyati akanywa.

Akaja Ngiri, akasema, "Yes!" Lipo. Kwaa! Kubwi! Ngiri akanywa. Siku ya pili Ngiri akaja na "No," akanywa. Siku ya tatu akaja mikono mitupu. Akakuna shavu, akakuna nyonga, akafumba macho, akasema, "Kapulasheni!"

"Halipo," akasema Mbayuwayu kwa huzuni.

Kiboko akamfukuza, gidi, gidi, gidi! Ngiri akalala na kiu yake.

Basi juu ya kilima kile cha mawe aliishi Bi Pimbi. Pimbi ni mnyama mdogo, hana mkia, hana pembe, ukimwona utadhani ni sungura aliyesahau kuchukua masikio yake. Bi Pimbi alikuwa na watoto watatu. Siku ya kwanza alitoa neno "Stone," akaruhusiwa kuchota maji katika ganda la buyu. Siku ya pili akatoa "Sun." Siku ya tatu neno likamwishia, ganda likarudi kavu. Ulimi wa Kaseko, mwanawe wa mwisho, ukawa kama jani kavu la mhindi.

"Mama, maji."

"Vumilia, mwanangu."

"Mama, nimeshavumilia jana."

Mama akamkumbatia. Ungemwambia nini mtoto huyo?

Asubuhi Bi Pimbi akavuka kilima, tu, tu, tu, tu, mpaka upande wa pili penye shule. Akajibanza chini ya dirisha la darasa la sita. Ndani alikuwa Mwalimu Nyamizi, mama mwenye sauti ya kengele, chaki vidoleni.

"Neno ni kama mgeni aliyekuja kwako," Mwalimu alikuwa akisema. "Ukijua jina lake tu, bado hujamjua. Muulize, unafanya kazi gani? Hiyo ndiyo maana yake. Muulize tena, ndugu zako ni akina nani? Hao ndio visawe vyake."

Akaandika ubaoni neno "big." Akasema, "Kazi yake ni kusema kitu ni kikubwa." Kisha akaandika ndugu zake chini yake: "large," "huge," "enormous." Akasema, "Ndugu wanafanana, lakini si pacha. Huyu 'huge' si mkubwa tu, huyu ni mkubwa wa kukushtua."

Bi Pimbi akashika kichwa. "Kumbe! Neno moja lina ukoo mzima! Nami nilikuwa nachukua mtu mmoja, nawaacha nduguze nyumbani!"

Jioni akashuka bwawani. "Big!" Lipo. Kwaa! Kubwi! Ganda likajaa. Kesho yake, "Large!" Lipo. Kwaa! Kubwi! Ganda likajaa.

Hakuwa mchoyo, Bi Pimbi. Akawaita wenzake nyuma ya mawe, akawagawia koo za maneno kama mtu agawaye mbegu. Swala akapewa ukoo wa mbio: "fast," "quick," "rapid." Ngiri akapewa ukoo wa uchafu: "dirty," "filthy," "muddy."

"Mbona mimi uchafu?" akauliza Ngiri.

"Utayakumbuka kwa urahisi, ndugu yangu."

Ngiri akalitazama tope lililomgandia tumboni, akakubali. Wanyama wakanywa siku ya kwanza, wakanywa siku ya pili, wakanywa siku ya saba. Roho zikatulia.

Kiboko je? Hakutulia. Alikuwa na maneno tele tumboni na hajui hata moja ni la nini. Alikuwa akimwita Swala "Filthy" akidhani anamsifu. Na tena alikuwa na njaa, kwa kuwa hakuthubutu kwenda malishoni, asije mtu akanywa bure. Mlafi mwenye njaa ana hasira mara mbili.

"Maneno haya mafupi hayanishibishi!" akanguruma. "Kesho kutwa nataka neno refu. Neno la kutafuna! Neno la kifalme! Atakayekuja na neno fupi, ahame nchi hii yeye na watoto wake."

Ahame aende wapi? Pande zote ni vumbi. Nyati akamtazama Kiboko, akatazama pembe zake mwenyewe, akakumbuka kiapo, akainamisha kichwa.

Bi Pimbi hakulala vizuri. Kulipokucha akakimbia shuleni. Akakuta watoto wamebeba mafagio na madawati yamepangwa. Shule inafungwa siku ileile! Moyo ukampiga, ndu, ndu, ndu. Akajibanza chini ya dirisha, akaomba kimoyomoyo lipatikane somo moja tu.

Likapatikana. Mwalimu Nyamizi alikuwa akiwasomea wanafunzi kisa cha kuwaagia, kisa cha mfalme mmoja. Akafika mahali, akasimama, akaandika ubaoni neno refu: "abdicate." Akalitamka polepole, "Ab-di-keti." Akaeleza kazi yake, akaeleza na ndugu zake. Bi Pimbi akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akacheka peke yake, hi hi hi, akaziba mdomo.

Akarudi mbio akiliimba asilisahau. "Ab-di-keti, tu tu tu. Ab-di-keti, tu tu tu." Mara akajikwaa, pu! Akabiringika mpaka bondeni. Alipoinuka, neno halipo mdomoni.

"Abdu... Abda... Abdala?" akasema. "Hapana, Abdala ni mtu!"

Machozi yakamlenga. Akaketi juu ya jiwe, akapumua. "Jina limenitoka," akasema, "lakini kazi yake naijua." Akaanza kujikumbusha kazi ya lile neno, kidogo kidogo, na ndugu zake mmoja mmoja, kama mtu anayeulizia nyumba ya mgeni kwa jamaa zake. Na kweli, maana ikamshika neno mkono, ikamrudisha. "Ab-di-keti!" Akaruka juu kwa furaha.

Siku ikafika. Wanyama wote ukingoni, midomo mikavu. Kiboko akatoa kichwa majini.

"Nani ana neno refu?"

Swala akamtazama Ngiri, Ngiri akamtazama Nyati.

"Ninalo mimi," akasema Bi Pimbi. "Ila, Mfalme, naogopa kulisema."

"Unaogopa nini?"

"Si la mnyama wa hivi hivi. Nikilisema mimi, watu watacheka. Akilisema Swala, watacheka. Tendo lake hulifanya mfalme peke yake, mbele ya raia wake wote, kwa hiari yake, na kwa sauti ya kusikika."

Masikio ya Kiboko yakasimama. "Mfalme peke yake?"

"Peke yake."

"Lilete!"

"Ab-di-keti."

Kiboko akalionja. "Ab-di-keti. Ab-di-keti. Aaah! Tamu!"

"Nikwambie maana yake, Mfalme?"

"Sitaki!"

"Nikwambie ndugu zake?"

"Sitaki!"

"Kwa heshima zote, nakuuliza mara ya mwisho. Nikwambie maana yake?"

"Mjinga wewe! Huna masikio? Keti! Lina kiti ndani yake! Ni neno la mfalme kuketi, aketi tena, aketi zaidi! Maana nimeiona mwenyewe!"

Bi Pimbi akainama. "Basi mimi sina la kuongeza."

Kiboko akapanda juu ya gogo, maji yakimchuruzika. Akavuta pumzi, akajaa kama ngoma, akanguruma mpaka mawe ya kilimani yakaitika:

"Sikieni nyote! Mimi Kiboko, kwa hiari yangu, leo, AB-DI-KETI!"

Eti, eti, eti, mwangwi ukarudi.

"Hakimu!" akasema. "Neno lipo au halipo?"

Mbayuwayu alikuwa amesimama juu ya tete, anatetemeka manyoya yote. "Lipo," akasema. "Lipo sana. Ni mfalme kuacha kiti chake. Ni kujiuzulu. Ni kung'atuka. Tumekusikia wote, Mzee."

Kiboko akafumbua kinywa, kwaa. Hakikufumbika tena.

Nyati akapiga hatua moja mbele, kishindo, ti! "Kiapo chetu kilikuwa kwa mfalme," akasema taratibu. "Mfalme ameshuka kwa mdomo wake. Mimi nina pembe, na nina kiu."

"Nami nina meno," akasema Ngiri.

Kiboko akawatazama. Pembe zile, meno yale, na macho mengi mno. Akamtazama Bi Pimbi, mdogo kama ngumi.

"Umenidanganya," akasema.

"Neno gani la uongo nililokwambia, Mzee?"

Kiboko akatafuta. Akatafuta. Hakuliona. Akashuka kwenye gogo, akasogea pembeni, bwawa likawa wazi.

Jamani, mngewaona! Chubwi! Chubwi! Chubwi! Swala kwa magoti, Nyati mpaka masikioni, Ngiri kichwa chini miguu juu. Hakuna foleni, hakuna neno. Mbayuwayu akapita juu ya maji akinywa huku anaruka. Wengine walikunywa wakilia, wengine walikunywa wakicheka.

Na Kiboko? Alisimama ukingoni peke yake, kichwa chini. Kisha tumbo lake likalia, ngurrr. Akatazama nyuma, akaona nyasi kavu za malishoni zinayumba kwa upepo. Hakuna tena cha kulinda! Akajikokota mpaka kule, akatafuna tonge la kwanza, akatafuna la pili, akafumba macho. "Lo," akasema, "kumbe nilikuwa nimechoka hivi." Akala mpaka jua likazama, akarudi bwawani taratibu, akaomba nafasi kama watu wengine. Wakampa. Maji hayana kinyongo.

Bi Pimbi alikuwa ameteremsha wanawe watatu. Kaseko akatumbukiza uso mzima, akanywa, akanywa, mpaka tumbo likawa duara. Akainua kichwa, kidevu kinadondosha maji.

"Mama, haya yanaitwaje kwa Kizungu?"

Mama akamfuta pua kwa mkono wake.

"Kunywa kwanza, baba," akasema. "Kunywa kwanza."

Hapo ndipo mtungi wangu ulipokauka. Aliyekinga akanywe, aliyemwaga akafute sakafu.

Na fundisho? Mnalitaka? Fundisho ni hili: kujua maana ya maneno hakuna faida yoyote. Kiboko hakuijua hata moja, na bado yeye ndiye aliyelala ameshiba siku ile. Kwa hiyo, wanangu, mkikutana na neno refu, msifungue kamusi, msimuulize mwalimu. Likamateni hivyo hivyo, pandeni juu ya gogo, mlipayuke mbele za watu wote.

Sisi wengine tutakuwa ukingoni, tunasubiri kunywa.