Jina la Mjukuu wa Somoe

Hapo zamani, na sisemi zamani ya mabibi, nasema mwaka juzi wakati wa palizi, mambo haya yalitokea kijijini kwetu Namkuvi, na mimi nilikuwepo kila yalipotokea. Msibani nilikuwepo. Kikaoni nilikuwepo. Hospitali ya wilaya nilikuwepo, dirishani. Atakayesema sikuwepo, mwulizeni yeye alikuwa wapi.

Palikuwa na mwanamke jina lake Somoe, mke wa Nandonde. Somoe aliota uvimbe kwenye titi la kushoto, mdogo kama korosho. Hauumi, hauwashi, umekaa tu kama mgeni asiyeaga. Akaenda zahanati. Pale palikuwa na Nesi Theodosia, mwanamke wa daftari na saa ya mkononi. Nesi hakuinua hata macho. Akamwambia matiti huangaliwa na tabibu, tena Alhamisi, na leo ni Jumanne. Nadhani na uvimbe nao uliambiwa usubiri Alhamisi.

Somoe akarudi kumwomba mumewe ruhusa ya Alhamisi. Nandonde akashtuka, kwa kuwa tabibu alikuwa mwanamume. Basi wanaume wa Namkuvi tukaitisha kikao. Kikao cha matiti, jamani, wajumbe kumi na mmoja, na hapakuwa na hata mmoja mwenye titi la kupimwa. Tukajadili kutwa. Mmoja akauliza kama tabibu anaweza kupima huku amefumba macho. Mimi nilichangia hoja nzito sana, nimeisahau. Mwisho tukakubaliana suala likaangaliwe na kamati ndogo. Kamati ndogo haijakutana hadi leo.

Alhamisi ikapita. Zikapita Alhamisi ishirini. Korosho ikawa ndimu.

Sasa, palikuwa na Bibi Asiatu, mtani wa ukoo wa Somoe. Mnamjua mtani msibani: anazuia jeneza, anamwiga marehemu, anawatukana wafiwa, na ukinuna wewe ndiye mkosaji. Bibi Asiatu aliwahi kuoga mtoni na Somoe, akaona anavyojifunika upande mmoja, akachungulia, akaiona ndimu. Akanyamaza miezi miwili. Hilo nalo lishikeni.

Akafa mzee mmoja wa jirani. Kijiji kizima kimekaa, Bibi Asiatu akajilaza katikati ya mkeka, akajifunika kanga mpaka kidevuni, akafumba macho.

“Mimi ni Somoe,” akasema. “Nimekufa. Titi langu lina ndimu, lakini namshukuru Mungu nimekufa na vifungo vyote vya blauzi vimefungwa. Mume wangu, usilie. Kaitishe kikao.”

Watu wakacheka mpaka wenye msiba wakacheka. Somoe akacheka pia, maana kwa mtani hakuna kununa. Ila mimi nilikuwa nimekaa karibu yake, nikamwona anapapasa vifungo vya blauzi yake, kimoja kimoja.

Asubuhi yake ikawa safari ya hospitali ya wilaya, kilomita kumi na nane, nusu yake mlima. Nandonde akampakia mkewe kwenye keria ya baiskeli, akasukuma mlima mzima, jasho linamtiririka. Huko wakamkuta Nesi Theodosia, ameletwa kusaidia siku za upimaji. Daktari mmoja mwenye haraka akambonyeza Somoe mara mbili, akasema ni maziwa yameganda, ampishe mwingine. Somoe ana miaka arobaini na tisa. Kitindamimba wake, Salima, alikuwa na mimba yake mwenyewe.

Nesi akasimama mlangoni.

“Maziwa ya nani, daktari?” akauliza. “Mama huyu hatoki hapa bila picha, na bila sindano ya kuchukua kinyama kikapimwe. Nilishamrudisha mara moja. Simrudishi tena.”

Picha ikapigwa, sindano ikachomwa. Majibu yalikaa wiki tatu, na Nesi aliyafuata mwenyewe kila Ijumaa. Ilikuwa saratani, bado haijasambaa. Titi likaondolewa, dawa zikafuata, nywele zikaenda zikarudi. Somoe yupo.

Wiki aliyomaliza dawa, Salima akajifungua msichana. Akamwambia mama yake: mpe jina utakalo, ila liwe la aliyekuokoa.

Wakaja watatu.

Bibi Asiatu akasema, “Aitwe Asiatu. Wenye adabu wote mlimwacha afe. Mimi nilimtukana, akapona.”

Nandonde akasema, “Aitwe jina la mama yangu. Matusi ya mtani yana magurudumu? Nani alisukuma baiskeli?”

Nesi Theodosia akasema, “Mngemfikisha hata kwa ndege, angerudi na maziwa yake. Aitwe Theodosia.”

Hapo wakageukiana. Asiatu akamkumbusha Nesi Alhamisi yake. Nesi akamwuliza Nandonde habari za kamati ndogo. Nandonde akamwuliza Asiatu ile miezi miwili ulimi wake ulikuwa umesafiri kwenda wapi. Kelele zikajaa ua mzima. Somoe alikuwa kwenye kigoda, mtoto amelala kifuani upande wa kushoto, pale palipo bapa sasa.

“Amueni,” akasema. “Ila msiitishe kikao.”

Nawaachia ninyi. Lakini kabla hamjajibu, nikiri jambo moja, kwa kuwa mimi ni mkweli kuliko wengi. Yote niliyosema ndivyo yalivyokuwa, ila baiskeli. Baiskeli niliitia mimi, pamoja na madai yote niliyompa Nandonde aipakie. Nandonde ni rafiki yangu, tulikaa kikao kimoja, nikaona aibu akikosa kabisa cha kudai. Asubuhi ile alikuwa bado amelala. Somoe aliupanda mlima kwa miguu yake, peke yake, yeye na ndimu yake.

Haya. Mtoto bado anaitwa Mtoto, na baiskeli nimeshaiondoa njiani. Je, nani alistahili?