Chekwa wa Nyumbani na Pambe wa Kengele

Paukwa!

"Pakawa!"

Aa, mnaitikia kama mmepakwa gundi. Paukwa!

"Pakawaaa!"

Hapo sawa. Pakawa kengele, mguu mmoja na fisi mwenye njaa. Tegeni masikio, hata nyie wenye vyeti. Mimi nilipoacha shule darasa la tano, walimu walibaki hawana wa kumuuliza maswali.

Hapo zamani za kale, wanyama walikuwa na shule moja, na mwalimu wake alikuwa Korongo. Korongo husimama kwa mguu mmoja, basi na wanafunzi wote walisimama kwa mguu mmoja. Hata mtoto wa Kiboko! Alianguka, darasa likahamia kwingine.

Kengele ikilia: kimbia, inua mguu, fumba macho, sema, "Shikamoo mwalimu!" Hodari kuliko wote alikuwa Pambe, mtoto wa Ngiri.

Jirani yao Mama Kanga, yule ndege wa madoadoa, alikataa. "Mwanangu akasomee kuwa mti? Nitamfundisha mwenyewe!"

Akamfundisha mwanawe Chekwa nyumbani. Walihesabu mchwa, na kila aliyehesabiwa aliliwa, kwa hiyo jibu siku zote lilikuwa sufuri. Somo kubwa lilikuwa moja: ukisikia sauti ya mama, kimbilia.

Watoto hao walichokozana uani kila siku.

"Wewe Chekwa, mjinga wa nyumbani!"

"Na wewe Pambe, mjinga wa kengele!"

Fisi akasikia. Akalamba midomo.

Siku ya kwanza akaiba kengele, akaipigia kichakani. Ngo! Ngo! Ngo! Wanafunzi mbio, mguu juu, macho wamefumba. "Shikamoo mwalimuuu!"

"Marahaba, wanangu watamu," akasema Fisi, akamshika Pambe sikio.

Chekwa alikuwa anapita. Kwake kengele ni makelele tu. "He! Mwalimu gani huyo anadondosha mate?"

Wakafumbua macho, Pambe akachomoa sikio, wakatimka wote. Kwa mguu mmoja, maana hakuna aliyewaruhusu kushusha wa pili.

Siku ya pili Fisi akajificha nyuma ya nyumba ya Mama Kanga, akabana pua. "Chekwa, njoo kwa mama!"

Chekwa huyooo! Lakini sauti ya mama wa mwenzake haikumlegeza Pambe. Akaita kama wanavyoitwa majina darasani: "Mama Kanga!"

"Nipo!" kutoka kisimani.

"Nipo!" kutoka nyuma ya nyumba.

"Chekwa, rudi! Shuleni mtu hajibu mara mbili!"

Chekwa akageuka. Fisi akabaki na unyoya mmoja.

Siku ya tatu Fisi akafanya yote mawili, mdomo unaita, mkono unapiga kengele. Safari hii watoto walikuwa wamekaa pamoja. Mguu wa Pambe ukainuka wenyewe, Chekwa akaukalia. Mabawa ya Chekwa yakafunguka, Pambe akamuuma mkia.

"Niache, mama ananiita!"

"Mama yako ameanza lini kunuka mizoga? Tulia!"

Fisi akaita, akapiga, akaita, akapiga, mpaka kengele ikamwingia mwenyewe. Mguu ukainuka. Macho yakajifumba. "Shikamoo mwalimu!"

"Marahaba," akajibu Korongo nyuma yake. "Umechelewa. Ruka kichura!"

Akaruka, akaruka, mpaka miguu ya nyuma ikafupika. Mtazameni hadi leo.

Funzo ndilo hili: anayekufundisha, awe mwalimu awe mama, ana mahali asipopaona. Usimcheke aliyefundishwa kwingine. Siku fisi akilijua somo lako, huyo mwenzako ndiye atakayekukalia mguu.

Hadithi yangu imeruka kichura mpaka mlangoni, imechoka, imelala. Anayeitaka aiamshe mwenyewe, ila asipige kengele.